Mwili bila daftari: Safari ya fidia ya kuumia kazini, kutoka kipande cha Nachingwea hadi Mfuko wa Fidia

Kipande kilikuwa kadi tu. Kilikuwa na vyumba thelathini, kimoja kwa kila siku ya kazi, na jioni mnyapara au karani alitia alama kwenye chumba cha siku hiyo. Vyumba vikijaa vyote, mwenye kipande alipokea mshahara wake. Siku ambayo hakufanya kazi, chumba kilibaki kitupu na malipo yakasogea mbele. Kadi hiyo ilikaa mifukoni mwa vibarua wa Tanganyika kwa miongo kadhaa, na haikuwa na chumba cha siku ya kuumia. Aliyekatwa kidole na mashine, aliyeangukiwa na gogo, aliyevunjwa mguu na gari la mizigo, wote walionekana sawasawa na mtoro: chumba kitupu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya fidia ya kuumia kazini katika nchi yetu inaonyesha kwamba mwili wa mtu nao, usipoandikwa mahali, hupotea bila habari. Watu wa Mandawa na vijiji vingine vya ukanda wa Nachingwea na Ruangwa wanaijua historia hiyo kwa viungo vyao. Ukanda huu umepitiwa na karibu kila aina ya ajira iliyowahi kuja kusini mwa Tanzania: upagazi wa vita, mkonge wa pwani, matrekta ya Mpango wa Karanga, reli iliyojengwa ikang'olewa, ubanguaji wa korosho, na sasa uchimbaji wa madini ya kinywe. Kila zama ilihitaji mikono ya watu, na kila zama ilijibu kwa namna yake swali lile lile: mkono ukikatika kazini, hasara ni ya nani?

Karatasi mbili za mwaka 1884

Julai 1884, Ujerumani chini ya Otto von Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini. Kabla yake, mfanyakazi aliyeumia alilazimika kwenda mahakamani na kuthibitisha kwamba ajali ilitokana na kosa la mwajiri. Wachache waliweza. Shahidi alikuwa mfanyakazi mwenzake aliyeogopa kufukuzwa, na wakili alitaka fedha ambazo majeruhi hakuwa nazo. Sheria mpya iliacha kumtafuta mwenye kosa. Waajiri wa sekta moja walichangia mfuko wa pamoja, na aliyeumia akalipwa kwa sababu moja tu, kwamba aliumia akiwa kazini.

Miezi minne baadaye, Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters alikuwa huku kwetu, akizunguka Usagara na maeneo jirani, akiwafanya watawala wa jadi watie saini mikataba wasiyoweza kuisoma. Kwa karatasi hizo nchi yao ilihesabiwa kuwa ya Wajerumani. Zilikuwa karatasi mbili za taifa moja katika mwaka mmoja. Ya kwanza ilikubali kwamba kidole cha mfanyakazi wa Berlin kina thamani inayopaswa kulipwa. Ya pili ilifungua njia ya kuwatumikisha watu ambao vidole vyao havikuandikwa popote.

Sheria ile ya bima haikuvuka bahari pamoja na walioitunga. Kilichovuka ni kodi, kazi ya lazima na mashamba ya pamba, na jibu la watu wa kusini likawa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, vilivyoanzia Nandete katika vilima vya Umatumbi na kusambaa hadi bara ya Lindi, katika nchi ya Wamwera. Tumezoea kuvieleza vita hivyo kuwa vita vya ardhi na uhuru, na ni kweli. Lakini vilikuwa pia vita vya watu waliochoka kufanyishwa kazi ambayo haikuwalipa kwa jasho lao, sembuse kwa damu.

Uingereza nayo ilipata sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 1897. Aliyeipigania zaidi serikalini alikuwa Joseph Chamberlain, na wakati huo huo Chamberlain ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni. Mtu mmoja alishika mafaili yote mawili. Hata hivyo, Tanganyika, iliyokuja kuwa chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilisubiri sheria mahsusi ya aina hiyo kwa miaka 51 tangu ile ya London.

Wapagazi wa Mahiwa

Kabla Waingereza hawajakabidhiwa Tanganyika, ukanda wetu ulionja ajira mbaya kuliko zote: upagazi wa vita. Oktoba 1917, majeshi ya Uingereza na yale ya Ujerumani yaliyoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck yalipigana kwa siku nne huko Mahiwa, katika bonde la Lukuledi, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda bara. Vilikuwa miongoni mwa vita vikali kuliko vyote vilivyopiganwa Afrika Mashariki wakati huo.

Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi. Walibeba risasi, unga, mahema na majeruhi, kwenye barabara ambazo wanyama walikufa kwa mbung'o na magari yalizama kwenye tope. Waliouawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Hesabu yao ni ya makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki yote, na ukubwa wake kamili hautajulikana, kwa sababu wengi hawakuandikwa vizuri tangu mwanzo. Jina la Kariakoo, soko maarufu la Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Tunalitaja kila siku tukienda kununua vitu, pengine bila kukumbuka kwamba ni jina la watu.

Vita vilipokwisha, ujira wa wapagazi wengi waliokufa haukuwafikia warithi wao. Majina yalikuwa yamekosewa, vijiji havikujulikana, na ndugu hawakupatikana. Huo haukuwa hata mjadala wa fidia ya kifo, ulikuwa ni mshahara waliokwisha kuufanyia kazi. Fedha zilikuwapo, na wenye haki walikuwapo vijijini mwao. Kilichokosekana ni daftari la kuwaunganisha.

Namba badala ya jina

Mwaka 1923 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wa Kiafrika, iliyoweka masharti ya mikataba ya kazi pamoja na adhabu kwa mtumishi aliyekiuka mkataba wake. Mwaka 1926 ikaanzishwa idara ya kazi chini ya Meja Granville Orde-Browne, ambaye alitembelea mashamba na kuandika juu ya makazi mabovu, chakula duni na vifo vya vibarua. Idara hiyo ilifungwa mwaka 1931, wakati uchumi wa dunia ulipoanguka. Serikali ilipotafuta pa kubana matumizi, ilibana kwa anayekagua usalama wa vibarua.

Zama hizo ndizo zilizotupa neno manamba. Waliosajiliwa kwenda kwenye mkonge walipewa namba, na namba ikawa jina lao. Kusini kulikuwa na mashamba ya mkonge kando ya Lindi, lakini watu wa bara pia walitembea mbali kutafuta fedha za kodi ya kichwa, na wengine walivuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi hiyo. Mwaka 1944 waajiri wa mkonge waliunda ofisi yao ya kusajili vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Usajili ulikuwa makini sana: nani ametoka wapi, ameletwa lini, mkataba wake unakwisha lini. Daftari, basi, lilikuwapo. Lakini lilikuwa daftari la kuhesabu nguvu kazi.

Mkonge ni kazi ya visu na mashine. Jani lina mwiba nchani, na mashine ya kuchambua nyuzi, iliyoitwa korona mashambani, haikutofautisha jani na mkono. Wakoloni walikuwa na fikra iliyowapa usingizi mzuri: Mwafrika ana kijiji chake na shamba lake, hivyo akiumia atarudi kwao na ndugu watamtunza. Kwa fikra hiyo, gharama ya ajali ya shambani Lindi ilihamishiwa kwa mama mzee aliyeko kijijini, ambaye hakuwahi kuuona huo mkonge. Ukoo uligeuzwa kuwa bima, na mchango wake ulikuwa muhogo, mtama na machozi.

Duniani mambo yalikuwa yakisonga. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa fidia kwa wafanyakazi wa kilimo mwaka 1921, na mkataba mpana wa fidia kwa ajali mwaka 1925. Hoja kwamba kibarua wa shambani ana haki sawa na wa kiwandani ilikuwa tayari mezani miaka ile ile ambayo kipande kilitawala kwetu.

Tingatinga na sheria zafika pamoja

Mwishoni mwa 1946 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga Afrika Mashariki ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni 3, katika mashamba ya ekari 30,000 kila moja, na zaidi ya nusu ya mashamba hayo yalipangiwa Jimbo la Kusini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na Nachingwea ikawa makao ya mpango huo kwa upande wa kusini. Machi 1948 shirika jipya la serikali ya Uingereza lilichukua usimamizi kutoka kwa kampuni ya United Africa.

Aliyeiona Nachingwea ya mwaka 1945 asingeitambua miaka minne baadaye. Matrekta makuukuu ya jeshi, tingatinga zilizonunuliwa kutoka mabaki ya vita, hata vifaru vilivyogeuzwa matrekta, viliingizwa kwenye misitu ya miombo. Tingatinga mbili zilifungwa mnyororo mzito wa nanga ya meli katikati yake, zikasonga sambamba huku mnyororo ukiangusha miti. Bandari ndogo ilifunguliwa Mkwaya, karibu na Lindi, bomba la mafuta likalazwa hadi Nachingwea, na mwaka 1949 reli ikafika. Baadaye bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa, mwaka 1954, na reli ikaunganishwa nayo.

Vijana waliokuwa wanajua jembe na shoka walijikuta kando ya mashine zenye nguvu kuliko tembo. Mti unapong'olewa kwa mnyororo hauanguki unakotaka mkata shoka. Injini inachoma, nyaya zinakatika, gurudumu la chuma halisubiri. Hata nyuki walikuwa hatari ya kazi, kwani huko Kongwa madereva walishambuliwa na makundi yaliyotoka kwenye miti iliyoangushwa.

Katika zama hizo hizo wafanyakazi walianza kusema kwa sauti moja. Makuli wa bandari ya Tanga walikuwa wamegoma mwaka 1939. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli kuelekea bara. Serikali ya kikoloni iliona kwamba haiwezi tena kuwa na ajira ya maelfu bila kanuni za ajira ya maelfu.

Mwaka 1948, mwaka ambao mashine za karanga zilikuwa zikimiminika kusini, Tanganyika ilipata sheria yake ya kwanza mahsusi ya fidia kwa wafanyakazi, iliyokuja kujulikana kwa namba yake katika vitabu vya sheria, Sura ya 263. Kwa mara ya kwanza ulemavu wa kibarua wa Nachingwea uliwekewa hesabu katika sheria ya nchi.

Tusiidharau hatua ile, lakini tuone pia ilivyofungwa. Mzigo wa kulipa ulikuwa wa mwajiri mmoja mmoja. Mwajiri akifilisika, akihama au akikana kwamba mtu huyo alikuwa wake, majeruhi alibaki na karatasi. Fidia ilihesabiwa kutokana na mshahara, na mshahara wa kibarua ulikuwa mdogo sana, hivyo mguu wake nao ukawa wa bei ndogo. Tena ilidaiwa: asiyejua kusoma, asiyejua ofisi ya kazi iko wapi, asiye na nauli ya kwenda Lindi, sheria ilimpita juu kama ndege.

Januari 1951 mpango wa karanga ulifutwa, ukiwa umekula takribani pauni milioni 36. Wahasibu wa London waliandika hasara yao yote, hadi spana. Hasara ya vijiji vya Nachingwea, ya vidole, macho na migongo, haikuingia katika hesabu hiyo.

Uhuru, chama na shilingi iliyoyeyuka

Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, na Rashidi Kawawa, mwana wa kusini kutoka Ruvuma, akawa katibu mkuu wake. Mfanyakazi aliyeumia sasa alikuwa na mtu wa kumsindikiza ofisini. Baada ya Uhuru mwaka 1961 mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1964 vyama viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA, na mwaka huo huo ukaanzishwa Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi, ambao mwaka 1997 ulizaa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF.

Kusini, makovu ya mpango wa karanga yalipewa kazi mpya. Reli ilifungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Shamba namba 17 la Nachingwea, ambalo watu huliita Farm 17, likawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO. Korosho ikawa ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa kusini, na katika miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya kuibangua, kimoja kikiwa Nachingwea. Ubanguaji una jeraha lake: ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi na kuacha viganja vyeusi vilivyobabuka. Ni jeraha linaloingia polepole, na kwa sababu haliji kwa kishindo, mara nyingi halikuhesabiwa kuwa ni kuumia.

Sheria ya 1948 ilibaki. Ilirekebishwa hapa na pale, lakini mifupa yake ilikuwa ile ile: mwajiri alipe mwenyewe, na asilipe zaidi ya kikomo kilichoandikwa kwa shilingi. Kikomo hicho kiliiua sheria bila mtu kuifuta. Shilingi iliposhuka thamani katika miaka ya 1980 na 1990, kiasi kilichoonekana kikubwa siku kilipoandikwa kikawa hakitoshi hata nauli na dawa. Ilifika mahali mtu aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi maisha yake yote aliambiwa kwamba haki yake haizidi laki moja na ushee. Wengi hawakuona haja ya kudai. Gharama ya kufuatilia ilizidi kilichofuatiliwa.

Mfuko wa pamoja

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi namba 20. Sheria hii ilifanya kile ambacho Ujerumani ilifanya mwaka 1884: ilihamisha mzigo kutoka mfuko wa mwajiri mmoja hadi mfuko wa waajiri wote. Utekelezaji ulichukua miaka saba zaidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kukusanya michango Julai 2015, na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake.

Anayechangia ni mwajiri peke yake, na ni marufuku kumkata mfanyakazi. Mwanzoni mwajiri wa sekta binafsi alichangia asilimia 1 ya mishahara, na wa umma asilimia 0.5. Mwaka 2021 kiwango cha sekta binafsi kilishushwa hadi asilimia 0.6, na mwaka 2022 kikawa asilimia 0.5, sawa na cha umma. Tufanye hesabu ndogo ili tuone uzito wake. Kwa mfanyakazi anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, mwajiri anatakiwa kupeleka shilingi 1,500. Hakuna mwajiri anayeweza kusema kwa haki kwamba fedha hiyo itamfilisi.

Mtu huyo akiumia, Mfuko hugharimia matibabu. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, yaani shilingi 210,000 kwa mwezi katika mfano wetu, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, analipwa pensheni kila mwezi maisha yake yote. Anayehitaji mtu wa kumhudumia kila siku huongezewa posho. Akifariki, kuna msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi: mjane au mgane hupata asilimia 40 ya pensheni ambayo marehemu angelipwa akiwa na ulemavu kamili, na watoto nao wana fungu lao. Magonjwa yanayotokana na kazi, kama mapafu kuharibiwa na vumbi, huhesabiwa sawa na ajali.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba majeruhi haombwi athibitishe kosa la mtu. Hata kama yeye mwenyewe aliteleza, haki yake ipo. Kizuizi kimebaki kwa aliyejiumiza kwa makusudi au kwa ukaidi mkubwa, na hata hapo sheria haimwachi aliyelemaa vibaya wala familia ya aliyekufa.

Njia ya kudai

Haki hii ina saa yake, na saa hiyo huanza kugonga siku ya ajali. La kwanza ni kusema papo hapo. Mwambie msimamizi, na wenzako walioona wajue kwamba wao ni mashahidi. Jeraha dogo la leo, lisiporipotiwa, likioza mwezi ujao litaonekana limetoka nyumbani.

La pili, mwajiri anapaswa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba baada ya kupata habari. Akisita, mfanyakazi au ndugu yake asisubiri hisani: apeleke taarifa mwenyewe au aende ofisi ya kazi. La tatu, hospitalini mweleze daktari wazi kwamba umeumia kazini, lini na kwa namna gani, na uhakikishe yameandikwa kwenye faili. Kama ni ajali ya barabarani, chukua fomu ya PF3 polisi. Matibabu yakifika mwisho, daktari hutathmini kiwango cha ulemavu kwa asilimia, na asilimia hiyo ndiyo itakayoamua kati ya mkupuo na pensheni.

La nne, dai lifikishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali au kifo. Na la tano, uamuzi usiporidhisha unaweza kuomba upitiwe upya, na baada ya hapo kuna ngazi za rufaa hadi Mahakama ya Kazi. Mwajiri asiyejisajili au asiyechangia anatenda kosa la jinai, ambalo adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 50 au kifungo cha miaka mitano.

Kwa familia za huku kwetu liko jambo lingine linalotaka kusemwa waziwazi. Kwa desturi ya Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya msiba. Ni desturi yenye hekima, iliyolea yatima wengi. Lakini Mfuko unamtafuta mke au mume na watoto, na unataka vyeti: cha ndoa, cha kuzaliwa kwa kila mtoto, cha kifo. Ndoa iliyofungwa kwa baraka za wazee bila kuandikwa popote humpa mjane safari ndefu ya kuthibitisha kile ambacho kijiji kizima kinakijua. Wajomba wanaoheshimu ukoo wana nafasi ya kuwa msaada mkubwa hapa, kwa kuhimiza vyeti mapema, watu wakiwa hai na wazima.

Vyumba vitupu vya leo

Ruangwa ya sasa inajulikana kwa madini. Wachimbaji wadogo wametafuta dhahabu Namungo kwa miaka, na jina hilo limepelekwa viwanjani na timu ya mpira. Makampuni yamekuja kwa ajili ya kinywe, madini yanayotakiwa duniani kwa betri za magari ya umeme, na Nachingwea nayo ina nikeli katika kilima cha Ntaka. Mashine kubwa zimerudi katika ardhi ile ile iliyokokotewa mnyororo wa nanga. Safari hii zimekuta sheria, mfuko, na wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, OSHA. Hiyo ni tofauti kubwa na ya kushukuru.

Lakini sheria inamlinda mwenye mwajiri. Mkulima anayepulizia salfa kwenye mikorosho yake na kukohoa msimu mzima hana mwajiri. Mchimbaji mdogo anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, kwa makubaliano ya kugawana mifuko ya mawe hana mwajiri anayekubali kuitwa hivyo. Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu jioni kwa mwenye pikipiki naye yuko katika hali hiyo. Na yuko kibarua wa kweli kabisa, anayepakia mizigo au kubangua korosho kwa ujira wa siku, ambaye bosi wake anamjua kwa uso na kwa jina la utani tu. Huyu ana mwajiri na ana haki, lakini siku akianguka, bosi atasema hamfahamu, na hakuna karatasi ya kumjibu.

Huyo wa mwisho ndiye mrithi halisi wa mwenye kipande. Babu yake alikuwa na kadi isiyo na chumba cha jeraha. Yeye ana sheria yenye kila chumba, ila jina lake halimo. Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya Bunge peke yake. Ni ya afisa kazi kufika hadi kwenye ghala la korosho na mdomo wa shimo. Ni ya mtendaji wa kijiji kuuliza orodha ya vibarua kila mwekezaji anapofungua kazi kijijini kwake. Ni ya chama cha wafanyakazi kumkumbuka asiyelipa ada. Ni ya mwajiri mdogo kununua daftari la shilingi elfu moja na kuandika majina.

Na ni ya kijana wa Mandawa anayedamka kesho kwenda kutafuta kibarua. Kabla hajashika sururu, aulize maswali mawili, kwa adabu na bila woga: jina langu umeliandika wapi, na mchango wangu unapelekwa? Watu waliolala bonde la Lukuledi mwaka 1917 hawakupata nafasi ya kuuliza. Waliolazwa na miti ya Mpango wa Karanga hawakujua kwamba maswali hayo yanaulizika. Yeye anajua.